Kamba ya Nailoni Kiunoni mwa Damodaran

Mambo yaliharibika siku ya Jumamosi, tarehe tisa Machi, mwaka wa 2019, saa kumi na robo alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu ngoma zilinyamaza, na ngoma za kathakali, mchezo wetu wa kuigiza hadithi za miungu kwa kucheza bila kusema, hazinyamazi katikati ya mchezo hata mvua ikivunja paa. Katika ukumbi wa hekalu letu, karibu na mto Nila, Damodaran alikuwa jukwaani mbele ya taa kubwa ya shaba, uso wake kijani kama jani changa la mgomba, rinda limemjaa kiunoni kama pipa. Alitakiwa aruke, azunguke, atue. Aliruka. Akazunguka. Kutua ndiko kulikomshinda. Mguu wa kulia ulimkana mbele ya kadamnasi, akaenda chini kama gunia la mpunga, na taji likamtoka kichwani likabiringika hadi miguuni pa mpiga matoazi.

Taji kuanguka! Bibi mmoja wa mstari wa mbele alijishika kichwa akapiga ukelele, "Balaa limeingia!" Watu wakaanza kuokota kandambili zao mlangoni kabla hata mchezaji hajainuliwa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni kwamba mtu akiumia hukimbilia kutazama mbali. Humshuku jirani, huchunguza nyota, huhesabu maadui, ilhali kinachomtafuna kimejibanza kwenye pindo la nguo yake mwenyewe. Methali hiyo tunaitamka kila siku, lakini siku ilipotujia mlangoni hatukuitambua.

Damodaran alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Alianza kufundishwa akiwa mtoto, akakandwa mafuta kila msimu wa mvua hadi mifupa yake ikawa laini kama mti wa mwanzi, na hakuwa na kazi nyingine duniani. Miezi minane kabla ya kuanguka, paja lake la kulia lilianza kufa ganzi upande wa nje. Baadaye ganzi ikageuka moto. Alisema ni kama mtu amemwekea kaa la moto chini ya ngozi akalisahau humo. Nyumbani akivaa msuli wake na kukaa barazani, moto ulipoa. Akirudi jukwaani, moto uliwaka.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyomtibu, sisi wavishaji wake, Kunjappan na mimi Velayudhan.

Mchezaji wa kathakali havai kama mtu anavyovaa shati. Kwanza hulala chali chini, akapakwa rangi usoni, kisha akabandikwa ukingo mweupe wa uji wa mchele na chokaa kuanzia shavu hadi kidevu. Ukingo ule ukishakauka, hafungui kinywa tena. Akisema neno moja, unapasuka, na kazi ya saa mbili imekwenda na maji. Ndipo anaposimama, avishwe. Vitambaa vilivyopigwa wanga, mita nyingi kuliko sari za bibi harusi, huzungushwa kiunoni tabaka juu ya tabaka, na juu yake rinda. Vyote hivyo hushikiliwa na kitu kimoja tu kinachofungwa kiunoni. Watu wawili huvuta, mmoja kulia, mmoja kushoto, na kila mmoja huweka goti lake pale anapojua yeye.

Tangu enzi za babu zetu tunaamini kwamba kiuno kikilegea, mguu hulegea. Kwa hiyo Damodaran alipotunong'oneza, kabla ya kupakwa rangi, kwamba mguu wake unakufa ganzi, Kunjappan alimcheka.

"Kiuno chako kimelegea, bwana. Umeanza kula ndizi za kukaanga kama katibu wa kamati. Leo tutakukaza mpaka mguu ukumbuke kazi yake."

Tukamkaza. Kila alipolalamika, tulimkaza zaidi. Ncha ya kulia niliishika mimi.

Baada ya kuanguka, kila mtu alikuwa daktari. Wengine walisema amekunywa. Wengine walisema ni jicho la mchezaji mwenzake wa kijiji cha ng'ambo, ambaye siku ile alikuwa kitandani na homa, maskini wa Mungu. Mganga wa mafuta alimkanda wiki nzima, akamwambia ni upepo umeingia kwenye nyonga. Katibu wa kamati yetu, Balagopalan, mtu mwenye masikio ya kusikia makofi tu, alikuja hadi barazani kwake akiwa na mwavuli ingawa hakukuwa na mvua.

"Damodaran, ndugu yangu, pumzika," alisema. "Kamati inakujali. Tumempa mwingine nafasi yako hadi tuone."

"Hadi muone nini, Bwana Katibu?"

"Hadi tuone."

Huo ndio ulimi wa wakubwa. Ukiukamua kutwa hautoi tone.

Hospitali kubwa ya mjini ilimpiga picha ya mgongo kwa ile mashine inayogonga kama karakana. Picha ikaonyesha pingili moja imetokeza kidogo. Wakampa tarehe ya upasuaji, Aprili ishirini na mbili, na karatasi ya kutia sahihi. Alipouliza kama atacheza tena, yule daktari alisema kutembea atatembea, kucheza hawezi kuahidi.

Damodaran alirudi nyumbani, akaitandika ile karatasi mezani, akaiwekea kikombe cha chai juu ili isipeperuke. Mkewe, Thankamani, aliisoma mara mbili.

"Sitii sahihi," alisema.

"Anayetia sahihi ni mimi, si wewe."

"Basi weka. Lakini niambie kwanza, Baba Lekha. Mgongo unakuuma?"

"Hauniumi."

"Umewahi kukuuma?"

"Hapana."

"Paja ndilo linalowaka moto?"

"Si unajua?"

"Sasa mwizi kaingia jikoni, wewe unabomoa choo! Huyo wa kukupasua mgongo amekugusa hilo paja hata kwa kidole?"

Damodaran alifikiri. Hakuwa amemgusa. Alikuwa ametazama picha.

Thankamani alikuwa amesikia kwa mpiga ngoma mmoja habari za Dakta Shahina, mwanamke wa upande wa Malappuram, aliyefungua kliniki ndogo nyuma ya duka la vyombo vya bati. Alisomea miili ya wachezaji na waimbaji. Wakimbiaji wana madaktari wao, alikuwa akisema, na wachezaji wa kriketi wana wao. Kwa nini anayeruka mbele ya miungu asiwe na wake? Yule mpiga ngoma alimwendea masikio yakimlia kama nyenje, akatoka na vizibo vya masikio na ratiba ya kupumzika. Kamati ilimcheka. Yeye hakujali, maana usiku alikuwa analala.

Wakaenda, nami nikawasindikiza, kwa kuwa Damodaran alihitaji bega la kuegemea kwenye ngazi.

Dakta Shahina alikuwa mwembamba, na kilemba chake alikichomeka nyuma ya masikio kama mtu anayekwenda kufua. Picha ya mgongo aliitazama kidogo akaiweka kando. Akachukua pamba na pini. Kwa nusu saa nzima alimgusa Damodaran mguu, akiuliza, "Hapa unasikia? Na hapa?" huku akichora kwa kalamu juu ya ngozi. Alipomaliza, upande wa nje wa paja ulikuwa na ramani yenye umbo la jani la tambuu. Ndani ya jani, ganzi na moto. Nje ya jani, salama. Akamgonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira, na mguu ukaruka kama kawaida. Akamwambia asukume, avute, ainue. Nguvu zilikuwepo zote.

Kisha akabonyeza kidole karibu na mfupa wa nyonga, mbele. Damodaran aliruka nusura aangushe taa.

"Hapo!" alisema daktari, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Kaka, kwenye mchezo wako unavaa nini kiunoni?"

Tukamweleza. Alisikiliza, akafunga daftari lake.

"Kesho njooni mkiwa na mavazi. Nataka kumwona amevaa. Kila kitu, hata rangi."

"Hata rangi, Dakta?" nikauliza. "Ni saa nne za kazi."

"Kwani una safari?"

Kesho yake tulimvisha Damodaran katika ukumbi wa kusubiri wa kliniki. Wagonjwa walisogeza viti. Mwanamke mmoja mzee aliyekuja kwa ajili ya sukari yake alimtazama yule mtu wa kijani, amelala chini kati ya mizani na ndoo ya kupigia deki, akauliza, "Dakta, huyu anaumwa nini? Ufalme?" Watu wakacheka, na Damodaran akatamani kucheka, lakini ukingo wa kidevuni ulikuwa umeshaanza kukauka.

Kunjappan na mimi tukashika kamba. Dakta Shahina alikuja na kile kipimo cha presha ambacho huwafunga watu mkononi, akakiingiza chini ya kamba, pale pale juu ya mfupa wa nyonga.

"Fungeni kama siku zote," alisema. "Msinionee haya."

Tukavuta. Mshale ukapanda. Ukapita sitini, ukapita mia, ukasimama kwenye mia na arobaini ukitetemeka.

"Anakaa hivi muda gani?"

"Saa tatu. Siku nyingine tano."

"Na anaruka?"

"Anaruka."

Daktari alimtazama Damodaran machoni. "Inakuuma sasa?"

Damodaran alitikisa kidole.

"Mbona hasemi?"

"Haruhusiwi, Dakta," Kunjappan akamweleza kwa fahari. "Ukingo utapasuka."

Dakta Shahina alitutazama mmoja mmoja kama mwalimu anayetafuta nani aliyejamba darasani. "Kwa hiyo mnamfunga mtu asiyeruhusiwa kusema, halafu mnangoja aseme?"

Mimi nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini swali hilo nililielewa.

Akatueleza. Pale mbele ya nyonga, alisema, hupita mshipa wa fahamu mwembamba kama utambi wa taa. Hauubebi mguu wala hauupi nguvu. Kazi yake ni kupeleka habari za ngozi ya paja. Ukiukandamiza kila siku, habari zinaharibika, na ngozi isiyochomwa na kitu inalia kwamba inaungua. Moto ule ulipomshtua hewani, alitua vibaya.

Damodaran hakuvumilia tena. Ukingo ukapasuka kuanzia shavu hadi kidevu, vipande vya wanga vikamwagika kifuani.

"Yaani si mgongo?"

"Pingili yako imetokeza kidogo, kweli. Nikiwapiga picha watu kumi wa umri wako, kadhaa watakuwa nayo hiyo na hawana habari. Hailingani na ramani niliyokuchora. Hatumpasui mtu kwa kosa la kamba."

"Nitacheza?"

"Usiguse kamba hii tena, na kuanzia kesho usifungwe chochote wiki nane. Mshipa hupona polepole, lakini hupona. Nadhani utacheza."

Thankamani, aliyekuwa amesimama karibu na mizani muda wote huo, alikaa chini sakafuni kama ndoo iliyokatika kamba. Alianza kucheka. Akacheka hadi machozi yakamtoka, na yule bibi wa sukari akampa ncha ya sari yake ajifutie.

Lakini daktari hakuwa amemaliza. Aliishika ile kamba ya nailoni, nyembamba kama kidole cha mwisho, akaigeuzageuza. "Babu zenu walifungwa hii?"

Hapana, nikamwambia. Zamani tulitumia mkanda wa pamba, upana wa vidole vinane, ukakunjwa mara nne na kushonwa kwa mshono wa mshazari ili usijikunje. Aliyeishona mikanda hiyo ni marehemu mke wangu, Kalyani. Miaka kumi na tisa alishona, akaharibu macho yake kwa taa ya mafuta, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyemuuliza macho yako yana nini. Alipofariki mwaka wa 2016, kamati ilileta shada la maua na hotuba. Mshonaji mwingine haikuleta. Mikanda ikachakaa mmoja mmoja. Mwaka uliofuata, Jumatatu moja, tulikuta bunda la kamba ya nailoni limewekwa juu ya sanduku la mavazi. Tukaambiwa haiozi kwa jasho, haifuliwi, na ni uamuzi wa kamati. Sisi nani tukatae?

"Umebaki hata mkanda mmoja?" daktari akauliza.

Ulikuwepo. Ulikuwa nyumbani kwangu, ndani ya boksi la sari zake. Nilichukua riksha kwenda na kurudi, na njia nzima dereva hakuthubutu kuniongelesha.

Tukamfunga Damodaran tena, rinda lile lile, mikono ile ile, nguvu ile ile. Kipimo kikaingizwa mahali pale pale. Mshale ukapanda, ukafika hamsini na tano, ukatulia. Rinda halikushuka hata unywele.

Dakta Shahina aliupapasa mshono kwa kidole gumba. "Aliyeshona hiki alijua anachofanya," alisema.

Nilitoka nje kidogo, nikajifanya natafuta kandambili zangu.

Sahihi haikutiwa. Tarehe ishirini na mbili Aprili ilipita kama siku nyingine, Damodaran akiwa barazani anakula uji wa mchele na choroko, akitufundisha namna ya kukata papai. Mvua za Juni zikaja. Akafanya mazoezi akiwa na nguo ya ndani tu, bila kamba wala mkanda. Lile jani la tambuu likaanza kunyauka kwenye kingo, kila Ijumaa daktari alilichora upya, na kila Ijumaa lilikuwa dogo zaidi, hadi likawa kama sarafu, hadi Ijumaa moja ya Agosti akazungusha pamba paja zima akaambiwa, "Nasikia. Hapo nasikia. Hapo pia nasikia, Dakta, unanitekenya."

Thankamani alijifunza mshono wa mshazari kwa kuufumua ule mkanda wa Kalyani inchi mbili na kuurudishia. Akashona sita. Nasi tukaweka sheria mpya katika chumba cha mavazi: vidole viwili vya mvishaji lazima vipite chini ya mkanda, na mchezaji aliyebandikwa ukingo akigonga paja mara moja, sawa, akigonga mara mbili, legezeni. Kunjappan alinung'unika kwamba sasa tunavisha watoto wachanga. Wiki ya kwanza, wachezaji watatu kati ya watano waligonga mara mbili. Kunjappan hakunung'unika tena.

Siku ya pili ya Onam, sikukuu yetu ya mavuno, saa tisa alasiri, Damodaran alisimama tena mbele ya taa ya shaba. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, wengi wamekuja kuona ataanguka vipi. Ngoma zikapanda. Aliruka, akazunguka. Mimi nilifumba macho. Nikasikia njuga zake zikitua pamoja, mara moja, safi kama mlango uliofungwa na mtu mwenye adabu. Nilipofumbua, alikuwa amesimama kwa kingo za nyayo zake kama mchezo unavyotaka, taji limenyooka, na bibi yule yule wa mstari wa mbele alikuwa anapiga makofi kuliko wote. Nilipumua pumzi niliyoishikilia tangu Machi.

Wiki iliyofuata Dakta Shahina aliitwa kwenye mkutano wa kamati, wapate kupigwa picha pamoja naye. Yeye alikuja na barua. Aliwasomea namba: mia na arobaini, hamsini na tano. Akataka kila mchezaji, mwimbaji na mpiga ngoma apimwe mara moja kwa mwaka, na washonaji wapimwe macho. Wakasema vizuri sana, wakaandika, wakamletea chai.

"Katika miaka miwili na zaidi ya kamba hii," daktari akaendelea, "je, kuna wachezaji wengine walioacha kwa sababu ya mguu?"

Nilisimama nyuma nikawataja: Madhavan, aliyeitwa mlevi hadi akahamia kwa dada yake Thrissur; na Sankunni, ambaye sasa anauza tiketi za bahati nasibu kituo cha basi, akijikuna paja. Katibu Balagopalan alisema hayo si ya leo.

"Basi la leo ni moja tu," alisema Dakta Shahina. "Nani aliyeamua kuacha mikanda?"

"Ni uamuzi wa kamati, Dakta."

"Kamati ni ninyi saba mlioketi hapa. Ni nani kati yenu?"

Mwenyekiti akamtazama katibu. Katibu akamtazama mweka hazina. Mweka hazina akatazama juu, kwenye feni, na wengine wote wakainua macho kuitazama feni, kana kwamba ndiyo iliyopiga kura. Chai ikapoa. Daktari alingoja, akakunja barua yake, akaondoka. Madhavan tumempelekea ujumbe, na Sankunni Ijumaa ijayo atachorwa jani lake, na kwa hayo nashukuru. Ila lile swali bado liko mezani pale alipoliacha. Kikulacho ki nguoni mwako, hilo tumelithibitisha kwa mshale wa kipimo. Lakini ni nani aliyekitia humo?